Kisu, damu na uvimbe: alichokitafuta Judah Folkman ndani ya saratani

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, daktari akishasema mgonjwa wa saratani anahitaji kufanyiwa upasuaji, kikao cha ndugu hugawanyika. Wapo wanaotaka apelekwe haraka. Wapo wanaosema, na wanasema kwa uchungu wa kweli, kwamba kansa haitaki kisu: ikiguswa na chuma au ikipigwa na hewa inasambaa mwili mzima. Kila mmoja ana mfano wa shangazi au jirani aliyekatwa titi akafariki miezi michache baadaye. Hoja hiyo imewazuia wagonjwa wengi kufika kwenye meza ya upasuaji wakati nafasi ya kupona bado ilikuwepo. Ina kosa kubwa ndani yake. Lakini ina pia chembe ya jambo la kweli, na jambo hilo lilichunguzwa kwa miongo kadhaa na daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani, aliyeitwa Judah Folkman.

Folkman hakuwa akitafuta namna ya kuua seli za saratani. Alijiuliza swali lililowashangaza wenzake: uvimbe unapata wapi damu?

Kabla ya kufika kwake, tuelewane kuhusu mambo machache. Saratani, au kansa, ni seli za mwili wenyewe zilizoacha kutii utaratibu wa kugawanyika na kufa. Zikirundikana mahali pamoja zinafanya uvimbe, ingawa si kila uvimbe ni saratani. Baadhi ya seli hizo hung'oka, zikasafiri kwenye damu au limfu (majimaji ya mwili yanayopita kwenye mishipa yake yenyewe), zikaenda kuota kwenye mapafu, ini, mifupa au ubongo. Huko ndiko kusambaa kunakozungumzwa na madaktari, na ndiko kunakoua watu wengi zaidi kuliko uvimbe wa kwanza.

Mishipa ya damu nayo ni ya aina tatu. Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha, na katikati yake kuna kapilari, mishipa myembamba kuliko unywele, ambamo chembe nyekundu za damu hupita kwa kufuatana mojamoja. Ndani ya mishipa yote kumetandikwa tabaka moja la seli bapa linaloitwa endothelia. Kapilari ndizo zinazogawa oksijeni, na oksijeni haisafiri mbali ikishatoka kwenye mshipa: sehemu ya kumi ya milimita, labda mbili za kumi. Seli iliyo mbali kuliko hapo hukosa hewa na kufa.

Kwa mtu mzima mishipa hii kwa kawaida imetulia. Haichipui ovyo. Huchipua kidonda kinapopona, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unapojijenga upya kila mwezi, na kondo la nyuma linapokua wakati wa ujauzito. Wanasayansi wanaliita jambo hilo anjiojenesisi, yaani uchipuaji wa mishipa mipya kutoka kwenye mishipa iliyopo.

Fikiria mtaa uliojengwa bila ramani pembezoni mwa mji. Nyumba tatu nne za mwanzo zinaweza kuishi kwa ndoo za maji kutoka kwa majirani. Zikifika mia moja, ndoo hazitoshi. Ama mtaa unabaki mdogo, ama wakazi wake wanachimba usiku na kujiunganishia bomba kutoka kwenye laini kuu. Folkman alidai kwamba uvimbe uko hivyo hivyo: mdogo huishi kwa oksijeni inayopenya kutoka kwenye mishipa ya jirani, lakini hauwezi kupita ukubwa fulani mpaka uivute mishipa ije kwake.

Wazo hili lilimjia akiwa jeshini. Folkman, mtoto wa rabi, alizaliwa Cleveland mwaka 1933, akahitimu udaktari Harvard mwaka 1957, na mwaka 1960 akaitwa kulitumikia jeshi la wanamaji katika hospitali yake ya Bethesda, Maryland. Manowari za kubeba ndege zilikuwa zikikaa baharini miezi mingi, na damu ya akiba huharibika baada ya wiki chache. Yeye na mwenzake Frederick Becker walipewa kazi ya kutafuta kimiminika mbadala wa damu. Ili kukijaribu, walikuwa wakiiweka tezi ya thairoidi ya mnyama ndani ya chombo cha kioo na kuisukumia kimiminika hicho ili iendelee kuishi nje ya mwili. Kisha wakapandikiza humo seli za saratani za panya.

Seli zilikua, zikafanya vivimbe vya milimita 1 au 2, kisha zikasimama. Hazikufa. Vivimbe vile vile vilipohamishiwa kwenye miili ya panya walio hai, vilikua kwa kasi na kuwa vikubwa. Tofauti ilionekana kwa macho: ndani ya panya mishipa mipya ya damu ilikuwa imechipua na kuuingia uvimbe, ndani ya kioo haikuchipua hata mmoja.

Kuna tawi la kazi hiyo ya Bethesda ambalo wasomaji wengi wa kike wamelibeba mkononi bila kujua asili yake. Folkman na David Long walibaini kwamba baadhi ya dawa hupenya taratibu kwenye mpira wa silikoni, na mwaka 1964 wakaandika kwamba mpira huo unaweza kuwekwa mwilini ili utoe dawa kidogokidogo kwa muda mrefu. Wazo hilo ndilo lililozaa vipandikizi vya uzazi wa mpango vya Norplant, vile vijiti sita vya chini ya ngozi, na baadaye Jadelle yenye vijiti viwili.

Turudi kwenye damu. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 34, Folkman aliwekwa kuwa mkuu wa upasuaji katika hospitali ya watoto ya Boston. Mwaka 1971 alichapisha katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine makala iliyoweka madai matatu mezani. Uvimbe hautakua zaidi ya milimita chache bila mishipa mipya. Uvimbe wenyewe hutoa kemikali inayoiita mishipa hiyo. Na kama kemikali hiyo itazuiwa, uvimbe unaweza kulazwa usingizi.

Wataalamu wengi waliyapinga. Walisema mishipa inayoonekana kwenye uvimbe ni mwitikio wa kawaida wa mwili kwa jeraha, kama ngozi inavyokuwa nyekundu pembeni ya kidonda. Walisema hakuna kemikali kama hiyo. Upinzani wao haukuwa ujinga. Wakati ule hakuna aliyekuwa ameishika kemikali hiyo mkononi, na seli za endothelia zenyewe zilikuwa bado hazijaweza kuoteshwa vizuri maabara.

Jibu la Folkman lilikuwa majaribio, na moja kati ya hayo naliona zuri kuliko mengi niliyowahi kuyasoma kuhusu saratani. Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, hauna mishipa ya damu kabisa. Ndiyo maana tunaona kupitia kwake. Michael Gimbrone na wenzake katika maabara ya Folkman walipandikiza kipande kidogo cha uvimbe ndani ya konea ya sungura, mbali kidogo na ukingo wenye mishipa. Siku baada ya siku mishipa ilichipua kutoka ukingoni na kuufuata uvimbe, ikivuka eneo ambalo halijawahi kuwa na damu. Ilipoufikia, uvimbe ukalipuka kwa kukua. Kipande kingine cha aina hiyo hiyo kiliachwa kikielea kwenye majimaji ya jicho, mahali ambapo mishipa haingeweza kukifikia. Hicho kilibaki kidogo, kikiwa hai, bila kuendelea. Uvimbe ule ule, jicho lile lile, na kilichotofautisha ni damu tu.

Kuikamata kemikali yenyewe kulichukua zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1981 Folkman aliacha ukuu wa upasuaji ili ashughulike na utafiti. Mwaka 1984 Yuen Shing na Michael Klagsbrun, wa kundi lake, walichapisha namna walivyoisafisha protini ya kwanza kutoka kwenye uvimbe inayochochea kapilari kukua. Miaka mitano baadaye Napoleone Ferrara wa kampuni ya Genentech huko California aliitambua nyingine, VEGF, ambayo Harold Dvorak wa Boston alikuwa ameshaikuta mwaka 1983 kama kitu kinachofanya mishipa ivuje. VEGF ndiyo iliyokuja kuwa mlango wa dawa.

Sasa tunafika kwenye kisu.

Madaktari wa upasuaji walikuwa wakijua tangu zamani jambo linalotatanisha: kwa baadhi ya wagonjwa, uvimbe mkubwa ukishaondolewa, vivimbe vilivyokuwa vimejificha sehemu nyingine huanza kukua kwa kasi. Folkman, aliyekuwa mpasuaji, hakulipuuza. Alidhani uvimbe wa kwanza hutoa vitu viwili kwa pamoja, kichocheo cha mishipa na kizuizi cha mishipa. Kichocheo kina nguvu pale pale kilipo. Kizuizi hudumu zaidi ndani ya damu, hivyo husafiri mwilini na kuvizuia vivimbe vya mbali visipate mishipa yao. Ukiondoa uvimbe mkubwa, unaondoa pia chanzo cha kizuizi.

Michael O'Reilly, wa maabara ya Folkman, alilijaribu hilo kwa panya wenye aina fulani ya saratani ya mapafu inayofanya hivyo hivyo, akakusanya mikojo yao kwa wingi akitafuta kizuizi ndani yake. Mwaka 1994 kikapatikana, kikaitwa anjiostatini. Kilikuwa kipande cha protini ya kawaida ya damu. Mwaka 1997 kikafuata cha pili, endostatini.

Je, basi wazee walikuwa sahihi? Hapana, na ni muhimu kuona kwa nini. Vivimbe vinavyoamka baada ya upasuaji katika hali hiyo havikuletwa na kisu. Vilikuwepo tayari, vimepandwa na uvimbe wenyewe wiki au miezi kabla mgonjwa hajafika hospitali. Pia hilo halitokei kwa kila saratani wala kwa kila mgonjwa. Na kuuacha uvimbe mkubwa mwilini ili "uvizuie" vile vya mbali ni hesabu inayomkosesha mgonjwa pande zote, kwa sababu uvimbe huo unaendelea kukua, kuharibu kiungo ulichomo na kupanda mbegu mpya kila siku. Folkman hakuwahi kutoka na hitimisho kwamba watu wasipasuliwe. Alitoka na swali jingine: baada ya kupasua, tumpe mgonjwa nini ili mbegu zilizobaki zisipate damu?

Hewa haina sehemu yoyote katika habari hii. Uvimbe kuonwa na hewa ya chumba cha upasuaji hakubadilishi chochote. Kuchukuliwa kinyama kwa ajili ya vipimo nako kunaogopwa bila sababu ya kutosha. Kuna aina chache za uvimbe ambazo daktari huchagua kwa makini sana namna ya kupitisha sindano, lakini bila kinyama hakuna anayejua ni ugonjwa gani unatibiwa. Shangazi aliyefariki miezi michache baada ya upasuaji mara nyingi alifika akiwa amechelewa, saratani ikiwa imeshatawanyika, na upasuaji ulikuwa wa kumpunguzia maumivu, harufu au kutokwa damu. Aliyepasuliwa mapema akapona, akarudi sokoni na shambani, hasimuliwi kwenye kikao. Saratani ya titi, ya utumbo mpana na ya mlango wa kizazi zikikamatwa mapema, kisu ni mojawapo ya njia zinazoponya kabisa.

Folkman na mtafiti mwenzake Raghu Kalluri waliandika jambo jingine mwaka 2004 ambalo ningependa lijulikane zaidi. Uchunguzi wa maiti za wanawake wa miaka 40 hadi 50 waliofariki kwa sababu nyingine ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja walikuwa na vivimbe vidogo sana vya saratani kwenye matiti, wakati wanaogunduliwa kuwa na ugonjwa huo katika umri huo ni kama asilimia 1 tu. Wengi wetu tunabeba seli za namna hiyo na tutazeeka nazo bila kuugua, kwa kuwa hazijawahi kupata bomba lao. Kuwa na seli mbovu na kuwa mgonjwa ni mambo mawili.

Kelele kubwa ilikuja tarehe 3 Mei 1998. Gazeti la New York Times lilichapisha ukurasa wa mbele habari za anjiostatini na endostatini, likimnukuu James Watson, mmoja wa wagunduzi wa umbo la DNA, kwamba Folkman ataiponya saratani ndani ya miaka miwili. Watson baadaye alikana kuwa alisema hivyo. Hisa za kampuni iliyokuwa na haki za dawa hizo zilipanda mara kadhaa kwa siku moja, na wagonjwa wakaanza kupiga simu Boston wakiomba dawa ambayo haikuwa imeingia kwa binadamu yeyote. Folkman mwenyewe alikuwa akirudia kwamba kilichothibitishwa ni kuwatibu panya.

Tahadhari yake ilikuwa ya haki. Endostatini ilipojaribiwa kwa watu ilionekana salama, lakini vimbe nyingi hazikunywea. China iliidhinisha aina yake iliyoboreshwa mwaka 2005 kwa saratani ya mapafu, Marekani haikuidhinisha. Dawa iliyofaulu ilitoka kwenye VEGF: bevacizumab, kingamwili inayoishika VEGF kabla haijaifikia endothelia, iliidhinishwa Marekani Februari 2004. Wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa waliopewa dawa za kawaida pekee waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 15.6, walioongezewa bevacizumab, miezi 20.3. Karibu miezi mitano. Kwa familia iliyo kwenye hali hiyo miezi mitano si kitu kidogo, ila si tiba iliyotangazwa magazetini.

Sababu za kutofika mbali zaidi zinajulikana kwa sehemu. Uvimbe ukizibiwa bomba moja huchimba jingine, kwa kutumia kemikali tofauti na VEGF, au hujikunja kando ya mishipa ya zamani na kuishi kwa hiyo. Kwa saratani ya titi, idhini iliyotolewa Marekani mwaka 2008 iliondolewa mwaka 2011 kwa sababu wagonjwa hawakuishi muda mrefu zaidi na madhara yalikuwa mazito. Dawa inayozuia mishipa haichagui mishipa ya nani: presha hupanda, damu inaweza kutoka, utumbo unaweza kutoboka, vidonda huchelewa kupona. Ndiyo maana mgonjwa anayetumia bevacizumab husubirishwa angalau wiki nne kati ya dawa na upasuaji mkubwa. Kidonda nacho kinataka mishipa mipya.

Wazo la kuunyima uvimbe chakula limezaa pia tafsiri za mtaani. Inayosikika zaidi ni kwamba ukiacha sukari kansa inakufa njaa. Seli zote za mwili hutumia glukosi, na usipoila ini litaitengeneza. Alichotaka Folkman kukikata ni bomba, siyo sahani ya mgonjwa, na mgonjwa wa saratani aliyefungiwa wali, ugali na matunda anakonda na kushindwa kuzimudu dawa. Kupunguza soda na sukari ya ziada ni jambo jema kwa sababu nyingine.

Ya pili inamhusu papa, yule samaki wa baharini. Gegedu, ile tishu ngumu inayonyumbulika kama ya sikio na pua, halina mishipa ya damu, na mwaka 1975 Henry Brem na Folkman walionyesha kwamba kipande cha gegedu kikiwekwa karibu na uvimbe kinazuia mishipa kuufikia. Robert Langer, aliyepitia maabara hiyo hiyo, alionyesha mwaka 1983 kwamba gegedu la papa nalo lina kizuizi hicho. Muda si mrefu wafanyabiashara wakawa wanauza vidonge vya gegedu la papa kwa madai kwamba papa hapati saratani. Papa anapata saratani. Vimbe zimekutwa kwake. Protini unayoimeza husagwa tumboni kama protini ya samaki yeyote. Vidonge na dawa za gegedu zilipopimwa kwa wagonjwa wa kweli, hazikurefusha maisha. Pesa ya vidonge hivyo ingelipa nauli ya kwenda kliniki.

Folkman alifariki Januari 2008 kwa shambulio la moyo katika uwanja wa ndege wa Denver, akiwa njiani kwenda kwenye mkutano. Tunda lake lililofika kwa watu wengi kwetu halipo kwenye wodi ya saratani. Lipo kliniki ya macho.

Kisukari cha muda mrefu huziba kapilari za retina, ukuta wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina ikikosa oksijeni hutoa VEGF, na mishipa mipya huchipua: dhaifu, yenye kuvuja na kupasuka, mpaka macho yanafifia. Dawa ile ile inayozuia VEGF kwenye utumbo huizuia jichoni, kwa kiasi kidogo sana. Chupa moja ya bevacizumab inayotengenezwa kwa dripu ya mgonjwa wa saratani inaweza kugawanywa na mfamasia katika sindano nyingi za jicho, na bei ikashuka sana. Kwa matumizi hayo ya macho, Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2013.

Hapo ndipo mgonjwa wa kisukari hushtuka akisoma karatasi ya dawa na kukuta imeandikwa kuwa ni ya saratani. Jicho lake halina saratani. Lina mishipa isiyotakiwa, na dawa imekuja kuizuia. Haiponyi kisukari, wala haidumu: nguvu yake hupungua baada ya wiki kadhaa, ndiyo maana daktari hupanga sindano kwa mfululizo na kulipima jicho kila mara. Anayekatisha baada ya sindano ya pili kwa kuwa ameanza kuona herufi tena anaiacha retina ikiendelea kutoa VEGF, na mishipa ikichipua upya inaweza kuvujisha damu ambayo sindano zitakazofuata hazitaisafisha.